Habari za Shingo ya Kaijage, Iliyokataa Kugeuka

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Septemba, saa nane kamili za mchana. Tufani ilikuwa imepita jana yake upande wa kisiwa cha Shikoku, ikaacha nyuma yake anga jeupe lisilo na upepo, na joto lililonata mwilini kama uji wa mchele. Katika saa hiyo, chini ya anga hilo, mwamuzi mkuu wa Uwanja wa Kibi, hapa Okayama, Japani, aliinua mkono wake wa kuume akaamuru mchezo uanze.

Basi kusanyikeni, enyi mpendao habari za mashujaa. Epueni sufuria motoni, zimeni redio, na mgeni aliyesimama mlangoni mwambieni aingie, naye akae asikie. Mmekwisha kusimuliwa habari za waliobomoa ngome na za waliovuka majangwa. Mmesimuliwa habari za wafalme waliokatwa vichwa, na za wale waliovikata. Lakini hamjasimuliwa habari za mtu aliyesimama mahali pamoja, asifanye neno lolote, na kwa kutofanya neno lolote akajipatia jina ambalo watu wa jukwaa la kulia hulitaja hata leo kwa kuvua kofia. Mtu huyo hakupigana na jeshi. Alipigana na shingo yake mwenyewe. Nami nilikuwapo, kiti kilichopakana na chake, na niyasemayo niliyaona.

Jina lake ni Evodius Kaijage, mzaliwa wa Kamachumu katika nchi ya Wahaya, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha suruali za jinzi kule Kojima. Ni mtu mkubwa. Akiketi kwenye kiti cha uwanjani, kiti hulalamika. Akisimama, walio nyuma yake hulalamika. Alikuja Japani kujifunza mashine, na muda wa masomo ulipokwisha akabaki, akiwaandikia ndugu zake kwamba amepata kazi. Kazi alipata kweli. Lakini sisi tumjuao tunakijua kilichombakiza. Kilichombakiza ni Makorongo.

Makorongo wa Kibi ni timu ya besiboli yenye historia ndefu na vikombe vichache. Katika ligi ya timu sita, wao hugombea nafasi ya tano kwa ushujaa ambao wengine huuweka akiba kwa ajili ya nafasi ya kwanza. Na miongoni mwa Makorongo hao alikuwako Orihara Soji, mlinzi wa kituo cha tatu, Nyundo ya Mto Takahashi, mwenye mapaja kama magogo na magoti yaliayo kama milango ya kale. Kila mpigaji huku ana wimbo wake, unaoimbwa na jukwaa zima muda wote ashikapo gongo. Wimbo wa Orihara ulisema, *Uvushe, Orihara, uvushe mto. Ng'ambo wanakungoja na chai imeiva.* Katika mwaka wake wa kwanza, Kaijage alipokuwa akilala peke yake katika bweni la kiwanda, hajui kuomba chumvi wala kumwamkia jirani, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa Kijapani chake cha kwanza. Aliyaimba kwenye lifti. Aliyaimba sokoni mbele ya samaki. Aliyaimba hata mbele ya afisa wa uhamiaji, ambaye alikuwa shabiki wa timu nyingine, lakini mpaka leo Kaijage anaamini kwamba ni wimbo ule uliomwongezea kibali.

Sasa sikilizeni msiba wake. Mtu huyu, aliyempenda Orihara kuliko wote niliopata kuwajua, hakuwahi kuliona pigo kuu la Orihara kwa macho yake mwenyewe.

Pigo kuu ni lile linaloupeleka mpira juu ya ukuta mpaka kwenye viti vya watu, na Orihara alikuwa nayo mengi. Mara ya kwanza Kaijage alikuwa chooni. Mara ya pili alikuwa kwenye foleni ya udon, zile tambi nene za mchuzi zinazouzwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya jukwaa. Mara ya tatu alikuwa ameinama chini ya kiti akitafuta kifuniko cha chupa yake ya chai. Alipoinuka, uwanja mzima ulikuwa umesimama na mpira ulikuwa umekwisha kutua. Mahali pengine watu wangesema ni bahati mbaya, wakaendelea na maisha. Lakini safu yetu ina Bibi Mitsue.

Bibi Tsuruoka Mitsue, kinyozi mstaafu, mlinzi wa safu na mfasiri wa ishara, ndiye aliyelitamka lile ambalo halikuweza tena kurudishwa kinywani. "Jamani, hamjaona?" alisema siku ile ya kifuniko. "Kai akikaa, Orihara anakosa mara tatu, anatoka. Kai akitoweka, Orihara anavusha. Huyu mtoto macho yake mazito."

Neno likawa sheria. Ni lazima mfahamu kwamba jukwaa la kulia la Uwanja wa Kibi si mahali pa mzaha. Pale mtu hafui jezi iliyoshinda, wala harudii kiti kilichoshindwa, na Bwana Hamaguchi wa idara ya maji ya mji, mtu mwenye digrii, alikula wali na nyama ya nguruwe ya kukaanga siku kumi na mbili mfululizo kwa sababu Makorongo walikuwa hawajafungwa. Kwa hiyo, tangu hapo, kila Orihara aliposhika gongo, Bibi Mitsue aligeuka na kusema kwa upole mwingi, "Kai, mwanangu, hebu katuletee udon." Na Kaijage aliinuka akaenda. Alisimama kwenye ukumbi wa saruji, bakuli mkononi, akaisikiliza ngurumo ya watu ikipita ndani ya kuta. Mapigo yenyewe aliyaona baadaye kwenye televisheni, kama mtu anayeonyeshwa picha za arusi yake ambayo hakuhudhuria.

Hayo aliyavumilia miaka. Lakini mwaka huo Orihara alitangaza kuwa anastaafu. Mechi ya Jumapili hii ilikuwa ya mwisho nyumbani, na kocha alikuwa ameahidi kumwingiza apige mara moja, moja tu, kwa sababu magoti yale hayakuweza tena kuombwa zaidi ya hapo. Basi mtu asiulize nini kilikuwa hatarini. Kama Kaijage asingeliona pigo la siku hiyo, asingeliona pigo lingine lolote, kwa kuwa lingine halingekuwapo.

Ikafika zamu ya nane, kati ya tisa za mchezo. Wapinzani wetu, Vifaru wa Musashi, walikuwa na pointi tatu. Sisi tulikuwa na mbili. Mchezaji wetu mmoja alikuwa amesimama kwenye kituo cha kwanza, akivuta suruali. Tukishindwa siku hiyo, tulikuwa tunamaliza ligi mkiani. Ndipo sauti ya mtangazaji ilipotanda juu ya uwanja, ikalitaja jina la Orihara Soji, na watu waliokuwa wameketi wakasimama, na watu waliokuwa wamesimama wakalia. Kocha wa Vifaru akaona mambo hayo, akatoka, akaomba kubadilisha mrushaji wake. Huyo mrushaji mpya akaanza kupasha mkono joto, taratibu, kama mtu asiye na miadi.

Bibi Mitsue akageuka.

"Kai, mwanangu," akasema, "hebu katuletee udon."

"Leo siendi, Bibi."

Nyuma yetu mtu aliacha kutafuna.

"Umesemaje?"

"Nimesema siendi. Udon nimezila mpaka nikikohoa natoa mchuzi."

"Basi nenda chooni."

"Sina haja."

"Haja inatafutwa, mwanangu. Wewe fika tu, itakuja yenyewe."

Hamaguchi wa idara ya maji akavua miwani yake minene, akaifuta kwa jezi, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kabla ya kuchokoza. "Kai, wewe mtu mzima bwana. Watu elfu kadhaa hapa washike mkia kwa ajili ya macho yako mawili? Hata si macho mazuri."

Hapo ndipo Evodius Kaijage aliposimama. Alisimama akaijaza nafasi ya watu wawili, na jua likafichika kwa walioketi nyuma yake. Akaliinua gongo lake la plastiki la kushangilia kama baba zake walivyoinua mikuki mbele ya wafalme wa Kihaya, akanena kwa Kijapani, kwa sauti iliyovuka ngazi mbili.

"Enyi watu wa safu hii, nisikilizeni! Mimi ni Kaijage, mwana wa Kaijage, mjukuu wa Ishengoma aliyemfukuza chui shambani kwa mwiko wa kupikia! Niliiacha migomba ya baba yangu, nikavuka bahari, nikaja nikaijua baridi inayoingia kwenye meno. Sikulalamika! Mliponituma nilikwenda. Ninyi mlipokumbatiana, mimi nilikumbatia bakuli. Ninyi mlipomwona Orihara akiruka kwa furaha, mimi nilimwona mama wa udon akikoroga sufuria. Miaka yote hii nimempenda mtu kwa masikio. Leo anapiga mara moja, halafu basi, hayupo tena. Nataka kuuona mpira wake mmoja. Mmoja! Kisha nifungieni huko chooni mpaka nizeeke!"

Msichana muuza bia, mwenye pipa mgongoni, alikuwa amesimama kwenye ngazi na bomba mkononi, na bia ilikuwa ikifurika kwenye kikombe asione.

"Hotuba nzuri sana," alisema Hamaguchi. "Choo ukishuka ni mkono wa kulia."

Watu wakacheka. Bibi Mitsue hakucheka. Alimshika Kaijage mkono kwa vidole vyake vigumu vya kinyozi, akamvuta mpaka akaketi.

"Unadhani mimi nafurahi kukufukuza?" akasema. "Orihara nilianza kumwona hana hata ndevu. Nataka aondoke amepiga. Sitaki aondoke akiburuta gongo na watu wakimpigia makofi ya huruma. Sasa niambie wewe, Kai. Ukibaki, halafu akakosa, utalala?"

Naam, wasikilizaji, huu ndio mkuki uliopenya. Maneno ya Hamaguchi yalikuwa mawe, na mawe huumiza ngozi tu. Lakini bibi yule alikuwa amemshika kwa upendo wake mwenyewe. Kaijage alitaka kuliona pigo. Zaidi ya hapo, alitaka pigo liwepo. Na katika elimu ya safu yetu, mambo hayo mawili hayakukaa chumba kimoja.

"Afumbe macho," mtu wa nyuma alishauri.

"Tulishajaribu mwezi wa tano," alisema Bibi Mitsue. "Alichungulia."

"Nilipiga chafya!" Kaijage alilia.

"Chafya ya jicho moja?"

Filimbi ikalia. Ilikuwa filimbi ya Jemadari.

Jemadari Komatsubara, fundi wa mikeka ya vyumbani, kiongozi wa kikosi chetu cha kushangilia, alikuwa juu ya kijukwaa chake mwishoni mwa ngazi, chini kabisa, hatua chache kutoka ukuta wa uwanja. Mgongo wake ulielekea mchezo. Uso wake ulituelekea sisi. Ndivyo wasimamavyo viongozi wote wa kushangilia katika nchi hii: huziongoza nyimbo kwa mikono na filimbi, wakiwatazama waimbaji, na besiboli yote huchezwa nyuma ya visogo vyao. Komatsubara alikuwa amesimama hivyo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

"Nyie mna nini?" alifoka. "Orihara anaingia, watu wanatakiwa kuimba, nyie mmeweka baraza!"

Walimweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza huku akitazama mikono ya mpiga ngoma, maana muda wa mrushaji wa Vifaru kupasha mkono ulikuwa unakwisha. Kisha akahukumu.

"Kai hataki kuondoka. Bibi hataki aangalie. Basi ataangalia watu kama mimi, mgongo kwa mchezo. Kai, shuka uje ushike ubao."

Ubao huo ni ule wenye jina la mpigaji, unaoinuliwa ili jukwaa lijue wimbo unaofuata.

"Jemadari," alisema Hamaguchi, "kanuni za kikosi zinasema anayesimama mbele awe na kibali."

"Kuongoza kunataka kibali. Kushika ubao kunataka mikono. Mikono anayo, tena angalia ilivyo."

"Na akigeuka?" Bibi Mitsue aliuliza.

"Akigeuka namvua jezi hapa hapa, mbele ya watu."

Kaijage aliinuka polepole. "Lakini Jemadari, mimi nataka kuona."

"Wewe shuka kwanza."

Akashuka. Alizishuka ngazi zile kama wafalme wa kale walivyoshuka kwenda uhamishoni, bila kutazama kushoto wala kulia, na kitako chake kikapangusa bakuli la mtu, na hakuna aliyegombana. Akaupokea ubao. Akageuka akatukabili. Nyuma yake ukuta, nyuma ya ukuta majani ya uwanja, na mbali kule mwisho wa majani Orihara Soji alikuwa akiingia kwenye mstari wa mpigaji na kuchimba udongo kwa kiatu, nasi sote tulimwona, na mtu mmoja ambaye angetoa kidole ili amwone alikuwa akiutazama uso wa Hamaguchi.

Tarumbeta zikalia. *Uvushe, Orihara, uvushe mto.*

Ee Shingo, kiungo chenye kiburi, daraja kati ya kichwa na moyo, nani atakusimulia ukasimulika! Mifupa yako ni saba, na kila mmoja siku hiyo uliinua bendera ya uasi. Mpira wa kwanza ulirushwa. Kaijage alisikia kofi la glavu ya mdakaji, kavu, kama kibao usoni. Nyuso elfu zikanywea. Shingo ikamtumia mjumbe ikisema: Bwana wangu, geuka kidogo tu, ujue hali. Kaijage akamrudisha mjumbe bila jibu.

Mpira wa pili ukarushwa. Safari hii aliusikia mti wa gongo, na nyuso zote zikageuka kwenda kulia kama mpunga uliopigwa na upepo, vinywa wazi, kisha zikarudi zikiwa zimekunjamana. Mpira ulikuwa umetoka nje ya mstari. Mapigo mawili yalikuwa yamepotea. Likipotea la tatu, habari ya Orihara inakwisha. Sasa Shingo haikutuma mjumbe. Ilikuja na jeshi. Tuliona misuli ikisimama kama kamba za hema, tukaona jasho likishuka nyuma ya masikio, tukaona kidevu kikianza, enyi watu, kikianza kusogea kuelekea bega la kushoto, upana wa punje ya mchele, upana wa punje mbili.

"Kai!" Bibi Mitsue alipiga kelele katikati ya wimbo. "Nitazame mimi!"

Akamtazama. Bibi yule alikuwa ameshika taulo lake kwa mikono miwili kama mtu anayening'inia nalo. Kidevu kikasimama. Kikarudi. Ubao ulikuwa ukitetemeka hata jina la Orihara halikuweza kusomeka, lakini ulikuwa juu.

Mpira wa tatu ulikwenda pembeni, Orihara akauacha. Nyuso zikapumua.

Mpira wa nne nitausimulia kama nilivyousikia, kwa maana hata mimi wakati huo, sijui kwa nini, nilikuwa nikimtazama Kaijage. Ulilia kama mlango wa ghala unaofungwa na mtu asiyekusudia kuufungua tena. Wimbo ukakatika. Tarumbeta moja ikaendelea peke yake, ikaona aibu, ikanyamaza. Na mbele ya macho ya Evodius Kaijage likatokea jambo ambalo mtazamaji wa kawaida haoni, kwa kuwa yeye mwenyewe ni sehemu yake: videvu elfu vikaanza kupanda. Vilipanda pamoja, bila amri, taratibu. Vilipanda mpaka shingo za wazee zikaonekana zote, na za watoto, na ya msichana wa bia. Vikafika mahali ambapo videvu havina pengine pa kwenda, vikakaa hapo. Kutokana na videvu alijua urefu wa mpira. Kutokana na vinywa alijua unakoelekea. Macho yao yalikuwa yameuacha uwanja, yameliacha jua, na sasa yalikuwa yakitazama juu ya kichwa chake yeye.

Kisha mpira wenyewe ukaja. Uliingia katika macho yake kutoka nyuma, juu ya utosi, kama jamaa anayeingilia mlango wa uani kwa sababu hana haja ya kubisha. Ulikuwa mweupe. Ulikuwa ukishuka sasa, ukizunguka, na Kaijage aliziona hata nyuzi nyekundu za mshono wake, maana yeye ni fundi wa mishono na haimpiti. Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Ukapita juu ya mpiga ngoma, ukapita juu ya ngazi, ukatua kwa kishindo juu ya kiti kimoja kilichokuwa kitupu katikati ya safu iliyojaa, kati ya Bibi Mitsue na mimi. Ukaruka, ukagonga kikombe cha Hamaguchi, na bia yote ikamwogesha uso, miwani na digrii.

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Kelele ni kelele. Watu wasiojuana walishikana; mzee mmoja alimbusu shabiki wa Vifaru aliyekuwa amepotea njia. Orihara alikuwa akizunguka vituo kwa magoti yale, na sote tukimwimbia. Katikati ya hayo yote mtu mmoja alisimama wima na ubao juu, uso kwetu, mgongo kwa furaha yote ya dunia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemruhusu kugeuka.

"Jemadari!" alisema, machozi yakimtiririka. "Nimeuona!"

"Umeuona ulipotua?"

"Nimeuona ulipotua. Nimeona mpaka mshono."

"Basi ndivyo navyoyaona mapigo mimi," alisema Komatsubara, akiipangusa filimbi. "Yote. Miaka yote. Watu wananionea huruma, ati masikini, haoni mchezo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Naweza kugeuka sasa?"

"Geuka."

Evodius Kaijage akageuka, kwa utulivu na heshima kuu, kama mlango wa ngome unaofunguliwa baada ya vita. Orihara alikuwa amekwisha kuzunguka vituo vyote. Alichokiona ni mgongo wake, na namba sita, ikizama katika kibanda cha wachezaji. Akauinamia mgongo ule mpaka kiunoni.

Alipopanda ngazi kurudi, safu nzima ilisimama. Wengine walimpigia makofi, wengine walimgusa shingo ili wapate baraka. Hamaguchi, akidondoka bia, alimpa mkono bila kusema neno, na hilo kwa Hamaguchi ni hotuba. Bibi Mitsue alimkumbatia mpaka alipofika, yaani kifuani. Kisha akajifuta macho, akakaa, akatoa hukumu.

"Lakini hukuuona."

"Bibi! Umepita juu ya kichwa changu!"

"Umeuona ukitua. Kutua si kuruka. Ungeuona ukiruka, usingetua. Na ungekuwa umekaa hapa, mwanangu, huu mpira ungekuwa kwenye paji lako la uso. Kwa hiyo nilikuwa sahihi mara mbili."

"Basi wewe umeshinda, Bibi."

"Na wewe umeshinda. Kaa."

Akakaa, na kiti kikalalamika. Hivyo ndivyo vilivyokwisha Vita vya Shingo. Waandikao tarehe za mataifa na waandike watakayo; sisi tunaihesabu miaka yetu kabla ya siku hiyo na baada yake. Ikiwa mtu atakuuliza ni nani mkuu wa wageni wote waliopata kukaa katika jukwaa la kulia la Uwanja wa Kibi, usimtajie mabalozi waliopewa viti vya kivuli. Mtajie fundi wa cherehani wa Kamachumu, Kaijage Mwenye Shingo, aliyepewa ruhusa ya kuona kwa sharti la kutokutazama, akalitimiza.

Katika zamu ya tisa Vifaru walipata pointi sita. Mchezo uliisha kwa tisa dhidi ya nne, na Makorongo wakashika mkia. Orihara alitoka akawainamia watu wa pande zote nne, akaingia ndani. Bibi Mitsue aliufunga mpira ule kwenye taulo, akautia mkobani, akapanda basi la Kurashiki. Hakuna aliyethubutu kuudai. Hamaguchi aliokota taka za safu nzima, akazitenga za kuchomwa na zisizochomwa, akaenda nyumbani kuoga. Jemadari Komatsubara alikunja bendera, akanywa maji, akaondoka kumalizia mikeka ya vyumba viwili iliyokuwa ikihitajika Jumatatu. Kaijage alirudisha ubao, akaingia duka la dawa kando ya stesheni, akanunua plasta za kuchua misuli, na treni ya Kojima ilipoondoka alikuwa amekwisha kuzibandika mbili, moja kila upande wa shingo.